Sauti ya Kasuku Katika Folda ya Majaribio

Nyumbani walimwita Kesho, na jina hilo alipewa na dada yake mwenyewe. Mchana alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya bima. Akitoka hapo, kazi yake ya moyoni ilikuwa kuandika programu huria, zile ambazo mtu huziweka mtandaoni bure, walimwengu wakazitumia, wakazichokonoa, na wengine hata wakamgombeza. Alikuwa nazo tatu. Moja ilipanga picha, ya pili ilisoma maandishi ya karatasi zilizofifia, na ya tatu, aliyoiita Kinywa, ilimsemea mtu asiyeweza kusema. Zote zilikuwa karibu kwisha, na zilikuwa karibu kwisha tangu zamani.

Dada yake alikuwa msusi, na mtaa mzima ulimjua kwa jina la Kasuku. Wateja walikwenda kwake kusuka nywele, wakarudi mbavu zinawauma kwa kicheko. Kwa hiyo daktari aliposema kwamba uvimbe uliomwota kooni hautoki bila sauti kutoka nao, mtaa mzima uliingiwa na simanzi. Kasuku mwenyewe ndiye aliyemgeukia kaka yake.

"Si una ile programu yako ya kusemea watu? Basi iwekee sauti yangu. Hiyo uliyoweka inaongea kama mtu aliyezibwa pua."

Wakajifungia chumbani kwa Kesho, magodoro yamesimamishwa ukutani kuzuia kelele za barabarani. Walianza kwa kujaribu maikrofoni tu, ndiyo maana Kesho akaiita folda ile "majaribio". Halafu Kasuku akanogewa. Akarekodi salamu, akarekodi maneno ya kuwasuta wateja wanaochelewa, akarekodi hata kicheko chake. Mwisho alimtoa kaka yake nje, akarekodi peke yake maneno ya kumlaza binti yake.

"Umeshayahifadhi?" aliuliza alipofungua mlango, macho mekundu.

"Yapo, dada. Folda nitaipanga vizuri kesho."

Kesho! Ungetamani kumnasa kibao.

Dada alipolazwa hospitali kwa upasuaji, Kesho hakuweza kukaa na mawazo yake, akazirudia programu. Ile ya picha, iliyomshinda miaka, akaimaliza. Ya karatasi nayo ikanyooka, na watu asiowajua wakammwagia sifa. Kichwa kikamvimba kidogo. Akaingia kwenye Kinywa. Watu wa kazi hiyo, kabla ya kutoa toleo jipya, huipa kompyuta amri ya kufagia kila kilichotumika kwa majaribio. Kesho aliiandika amri hiyo vizuri mno, ikafagia. Nakala ya akiba, aliyokuwa ameitega ifuate kila badiliko, nayo ikafuata, ikafuta ilichokuwa imekihifadhi.

Aligundua toleo likiwa limeshapongezwa. Aliitafuta folda ya sauti za dada yake, akaikosa. Alijaribu kila njia ya kufufua faili anayoijua fundi, akawaomba na wenzake wa ofisini, wapi.

Alikwenda kumwambia dada yake aliporudi kutoka hospitali, bandeji ikiwa bado shingoni. Alisema yote kwa mkupuo mmoja, macho yake yako sakafuni. Kasuku akachukua simu, akaandika, akamwonyesha: "Hata ya mwanangu?"

"Hata hiyo, dada. Nisamehe."

Hakumpiga. Heri angempiga. Aligeukia ukuta, mabega yakamtikisika, na kilio chenyewe hakikutoa sauti hata chembe. Kesho alisimama pale amejishika kichwa, akijichukia.

Siku zikapita hawatazamani usoni. Kisha mtu mmoja wa mbali, mtumiaji wa Kinywa, akamwandikia kulalamika: mbona kwenye toleo jipya ameiondoa sauti ya yule mwanamke wa mwanzoni? Baba yake mgonjwa alizoea kumsikiliza mwanamke huyo, maneno yake yalikuwa yakimchekesha. Akaambatisha faili. Kesho alikuwa amesahau kabisa kwamba rekodi ya kwanza ya dada yake aliiweka katika toleo la zamani, iwe mfano.

Aliipeleka mbio. Kasuku aliiweka simu mapajani, akabonyeza.

"We Kesho, inarekodi hiyo? Mbona taa haiwaki? Haya, nitaanza ukiwa tayari."

Basi, rekodi iliishia hapo. Binti yake, aliyekuwa akicheza nje, aliisikia, akaingia mbio, miguu imejaa vumbi.

"Mama! Umepona?"

Kesho akainamisha uso. Kasuku akamvuta mtoto karibu, akabonyeza tena.

"Haya, nitaanza ukiwa tayari."

"Mimi niko tayari," mtoto akasema. Akaketi sakafuni mbele ya mama yake, akakunja miguu, akangoja aanze.