Madigadi ya Kidogo Tu

Pale karakana kila mtu alimwita Shangazi, hata wateja waliomzidi umri. Jina lilianzia kwa binti wa mdogo wake wa kiume, mwenye karakana, ambaye alipokuwa mchanga aliletwa kazini na kulazwa juu ya ile mifuko ya mchanga wanayogongea bati. Mtoto akakua, akasoma, akaolewa mbali. Jina likabaki.

Kazi ya Shangazi ilikuwa kuyapa mabati umbo. Kunyoosha magari yaliyopata ajali alikufanya ujanani mpaka akakinai. Siku hizi mdogo wake alipokea kazi za aina moja tu: gari lisilo na pacha. Mtu mwenye nazo anakuja na ndoto yake, anataka gari lenye sura ya zamani, lakini chini ya boneti kuwe na injini ya kumtoa mtu roho. Linatengenezwa moja, kalibu za mbao zilizolipimia umbo zinavunjwa, basi. Bodi yote inatoka mikononi mwa Shangazi: bati la alumini, nyundo ya mbao, mfuko wa mchanga, na mashine ya magurudumu mawili ambayo bati hupitishwa katikati yake mpaka lilainike kama shavu la mtoto. Alikuwa anaipenda kazi hiyo. Wakimsikia anaimba peke yake wanajua bati limekubali.

Tangu alipokuja mteja waliyempachika jina la Kidogo Tu, hakuimba tena.

Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, na alikuwa na adabu kiasi kwamba hata kumkasirikia ilikuwa shida. Aliingia karakana na picha moja iliyofifia, ya gari refu lililopigwa kwa mbali, nusu yake imefichwa na ukuta. “Nalitaka hili,” alisema. “Ila liwe na mwendo.” Mchoraji akachora, mteja akakubali, akatia sahihi. Shangazi akaanza na madigadi ya nyuma, yale mapaja ya bati yanayofunika magurudumu, kwa sababu ndiyo yanayolipa gari tabia.

Alipoyamaliza, mteja akaja, akayazunguka, akainamisha kichwa huku na huku.

“Mazuri sana, Shangazi. Mazuri mno. Ila yangepanda kidogo tu.”

Bati la alumini halipandi kidogo tu. Ukilivuta hapa linapwaya pale, na ukilipiga sana linachoka, linapasuka. Ikabidi ayatupe na kuanza upya. Aliyapandisha. Mteja akaja, akashukuru, akasema sasa yamepanda lakini yamekuwa na kiburi, yashuke kidogo tu, ila yabaki juu.

“Yashuke au yabaki juu?” Shangazi aliuliza.

“Vyote viwili,” alisema mteja, na uso wake ulionyesha kwamba hatanii.

Shangazi alimgeukia mdogo wake. Mdogo wake akajifanya anatafuta spana.

Mambo yalizidi. Akataka kisahani cha majivu kwenye dashibodi, na wala hakuwa mvutaji. Akataka mlango ukifungwa utoe sauti ya gari lile. Wakabadilisha mipira, wakabadilisha komeo, wakajaza sufi ndani ya mlango. Mteja, akiwa safarini, akataka asikilizishwe kwa simu. Mdogo mtu akashika simu karibu na mlango, Shangazi akaubamiza.

“Hapana,” ilisema simu. “Huo unasema ‘dap’. Ule ulikuwa unasema ‘duf’.”

Shangazi akaubamiza tena kwa hasira zake zote.

“Eeeh! Hapo mmekaribia!”

Nyumbani mume wake, mwalimu wa udereva ambaye miaka nenda miaka rudi alikuwa amekaa kando ya watu wanaokanyaga mafuta badala ya breki, alimsikiliza huku akimkanda kifundo cha mkono. “Mama watoto, mtu hajui anachotaka, utamfanyaje? Mwelekeze polepole.”

“Wanafunzi wako angalau wanajua wanataka kwenda mbele,” alijibu Shangazi. “Huyu anataka mbele na nyuma kwa gia moja.” Mkono ulikuwa umevimba. Alilala na kitambaa cha maji baridi, na asubuhi akaenda kuanza madigadi mengine.

Hayo mengine ndiyo yaliyomaliza subira. Yalikuwa mazuri kuliko yote. Hata mpulizaji rangi, ambaye hasifu kitu, aliweka chini kikombe chake cha chai akayapapasa. Kidogo Tu akaja. Akasimama mbele ya madigadi, mikono mfukoni. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, “Siyo.”

“Siyo nini?” Shangazi aliuliza.

“Sijui, Shangazi. Siyo tu. Labda yakiongezwa ki…”

“Usilimalize hilo neno,” Shangazi alisema. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya boneti. “Mdogo wangu, nakwenda nyumbani. Gonga wewe, au mgongane wenyewe.”

“Dada, mbele ya mteja!”

“Mbele ya mteja, nyuma ya mteja, pembeni ya mteja. Nimechoka.”

Akaondoka kweli. Mdogo wake alipiga simu, hakupokea. Akaja mwenyewe na maneno ya kubembeleza, eti bila yeye karakana ni banda tu la mabati. Shangazi akamwambia kilemba cha ukoka hakimtoshi kichwani, na kama amezoea kumwitikia kila mteja ndiyo, basi hizo ndiyo zake akazigonge mwenyewe kwa nyundo. Wakaachana bila kuagana vizuri, jambo lililowauma wote wawili, kwa maana wazazi wao walipoondoka ni yeye aliyemlea huyo mdogo mtu.

Siku chache baadaye aliyebisha hodi mlangoni alikuwa Kidogo Tu mwenyewe, peke yake, bila dereva. Shangazi alikuwa anakunja nguo, na viti vyote vilikuwa vimejaa mashuka. Hakuviondoa. Mteja akatazama huku na huku, akavuta kigoda kilichokuwa karibu na mlango, akakaa magoti yakimfika kidevuni.

“Nimekuja kuomba radhi,” alisema. “Na kukueleza. Sijawahi kumweleza mtu, naona haya.”

“Eleza, mikono yangu inafanya kazi, masikio yapo wazi.”

Akaeleza. Gari lile halikuwa lao. Baba yake alikuwa dereva wa mtu, na kila jioni alilirudisha nyumbani kwa tajiri wake kuliosha. Yeye, mtoto wa miaka mitano hivi, alipewa kitambaa akasugua magurudumu, kwa sababu hakufika kwingine. “Nilikuwa nakaa chini kabisa, Shangazi, mgongo kwenye ukuta. Madigadi yalikuwa yanapanda juu yangu kama… yalinifunika. Nikitazama juu naona bati na mbingu.”

Shangazi aliacha kukunja shuka.

“Ulikuwa umekaa chini.”

“Ndiyo.”

“Chini, sakafuni.”

“Ndiyo, Shangazi.”

“Na muda wote huu,” alisema, na sauti yake ikaanza kupanda, “umekuwa ukija karakana, ukisimama na urefu wako wote huo na viatu vyako, unaniambia siyo, siyo, siyo?”

Shangazi alichukua kanga yake, akamwambia, “Twende,” na hakusema neno lingine njia nzima, kwa sababu alijua akianza hatanyamaza.

Kule karakana, mdogo wake aliwaona wakiingia, akasimama kama mwanafunzi aliyekutwa akisinzia. Shangazi hakumsemesha. Alimpeleka mteja mpaka kwenye gari, akamwonyesha sakafu. “Kaa.”

“Na suti hii?”

“Kaa!”

Kidogo Tu akakaa, akaegemea ukuta, akainua macho. Mkono wake ukapanda wenyewe, ukafanya kama unasugua gurudumu. Akatikisa kichwa kukubali. Mpulizaji rangi akaenda zake nje kwa heshima.

Halafu akasimama, akajikung’uta vumbi, akatazama tena. “Sasa siyo,” alisema kwa masikitiko.

Mdogo mtu akashika tama. Shangazi akavuta pumzi mpaka mwisho. “Nisikilize, baba. Naweza kukutengenezea gari la mtoto aliyekaa chini, au la mtu mzima aliyesimama. Kukutengenezea yote mawili siwezi, na wala hakuna awezaye. Halafu wewe utakuwa ndani unaendesha. Hayo madigadi hutayaona hata chembe!”

Kumbe hilo hakuwahi kuliwaza. Alicheka kwanza kwa aibu, kisha kwa moyo. “Yaache yalivyo,” alisema. Mdogo mtu akaharakisha kuleta karatasi ya kutia sahihi kabla hajabadili nia. Shangazi akachukua aproni yake. Kwa mdogo wake alisema tu, “Leta nyundo,” na yule akaileta mbio, ndivyo walivyopatana.

Siku ya kukabidhi gari, likiwa limepakwa rangi nzito ya damu ya mzee, mteja alimleta baba yake. Alikuwa mzee mfupi, mwenye fimbo na masikio mazito. Wote walijipanga. Mwana akamshika mkono baba, akamzungusha taratibu, akangoja.

“Gari la nani?” mzee aliuliza.

“Langu, baba. Unalikumbuka? Ni kama lile la bosi wako.”

Mzee alilitazama vizuri, akakunja uso. “Lile? Lilikuwa balaa lile. Breki hazishiki, joto kama tanuri, na mwenyewe nyuma anafoka. Mgongo wangu huu uliharibikia mle.” Akagonga madigadi kwa fimbo, si kwa nguvu, lakini Shangazi alisikia mpaka kwenye meno. “Kwa nini umetafuta shida hii, mwanangu, na magari mazuri yamejaa?”

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Kidogo Tu akafungua mlango wa upande wa abiria. “Panda, baba. Leo naendesha mimi.” Mzee akagoma, akasema atachafua ngozi, akagoma tena, kisha akaingia kwa kulalamika. Mlango ukafungwa. Wakatoka, na injini iliponguruma wapita njia waliruka pembeni.

Walirudi jua limegeuka. Mzee alikuwa amelala usingizi fofofo, mdomo wazi, kofia imemwangukia usoni. Mwana alizima injini polepole, akakaa tu, hataki kumwamsha.

Jioni hiyo Shangazi alimsimulia mume wake yote, na mume akacheka mpaka akatokwa na machozi, jambo lililomuudhi.

“Unacheka nini? Mwaka mzima wa mkono wangu, na baba mtu alikuwa analichukia hilo gari!”

“Lakini lenyewe limetoka vipi?” mume aliuliza akijifuta macho.

Shangazi akafikiri, bado amenuna. “Limetoka zuri,” alisema. “Zuri haswa. Nipe huo mto niweke mkono, na uache kucheka.”