Maziwa ya Rama

Mkoba ulifungashwa Saleha akiwa bafuni. Alipotoka alimkuta mama mkwe wake, Bi Buthaina, ameketi kitandani akihangaika na zipu. Ndani zilikuwamo kanga, nguo za mtoto na chupa ya mafuta ya nazi.

"Ijumaa unakwenda kwa mama'ko Kigombe," Bi Buthaina akasema. "Arobaini imekwisha zamani, nimekustahi tu. Utarudi Rama akishaanza kukimbia."

Mtaani kwao Makorora wanaijua vizuri safari hiyo. Mzazi hupelekwa kwao ili asikutane na mumewe, maana inasemwa kuwa mwanamke akishika mimba huku ananyonyesha, maziwa yanaharibika na mtoto anabemendwa: miguu inalegea, tumbo linajaa, kutembea hatembei. Mtoto akikonda kidogo tu, majirani wanamtazama mama yake kwa jicho la pembeni. Baba hata jina lake halitajwi, kana kwamba hakuwepo.

Saleha jicho hilo alishalionja. Khadija, binti yake wa kwanza, alikuwa bado ananyonya, mama yake aliposhika mimba nyingine. Saleha aliamini kunyonyesha kwenyewe ni kinga, kwa hiyo hakuhangaika na lolote. Akamwachisha Khadija ghafla kwa hofu, mtoto akakonda mpaka mbavu zikaonekana, na ile mimba nayo ikatoka. Mtaani walisema mchana kweupe kwamba kambemenda mwanawe. Khadija sasa anasoma madrasa na mbio zake hazishikiki, lakini maneno yale yalimkaa Saleha moyoni, na alipojifungua Rama aliapa kwamba huyu atanyonya miaka yake miwili kamili.

Lakini Kigombe hakutaka kwenda. Kazi yake ni kupaka hina, na maharusi wa Makorora na Ngamiani wanamgombea, kwa sababu mkono wake hautetemeki hata bibi harusi akimlilia begani. Ramadhani ilikuwa inakwisha na harusi zilikuwa zimepangana. Tena alimpenda mumewe. Hilo nalo tuliseme, maana watu hulificha kana kwamba ni aibu.

"Nipe mpaka hiyo Ijumaa, Mama," alisema, akambeba Rama na kwenda zahanati. Ilikuwa siku ya kupima watoto uzito.

Nesi aliyemkuta ni Anastazia, Mbondei mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Saleha alimwomba wafunge mlango, kisha akamweleza yote bila kupepesa macho, ya Khadija, ya mimba iliyotoka na ya mkoba uliofungwa.

"Huyo Khadija ulikuwa unampa nini zaidi ya ziwa?" Anastazia akauliza.

"Uji, nikienda kwenye hina. Bibi yake alimwanzishia mapema."

"Basi ndiyo hapo. Kunyonyesha kunakinga mimba, lakini kwa masharti: mtoto hajafikisha miezi sita, hapewi chochote ila ziwa, mchana na usiku, na wewe hujaona siku zako. Sharti moja likivunjika, kinga nayo imekwenda."

"Na maziwa? Yanaharibika kweli mtu akishika mimba?"

"Hayaharibiki, mama. Maziwa hayageuki sumu. Kinachomuangusha mtoto ni kukatwa ziwa ghafla, akabaki na uji wa maji maji."

Saleha alilia kidogo hapo, kisha akajifuta na kuuliza njia zilizopo. Vidonge vya kawaida nesi alivikataa palepale kwa kuwa vinaweza kupunguza maziwa ya mtoto mchanga kama Rama. Viko vya wanaonyonyesha, lakini vinatakiwa kumezwa kila siku saa ileile, na Saleha alijijua: akishika piko, ile rangi nyeusi ya maharusi, hakumbuki hata kula. Sindano na kitanzi alivisikiliza vizuri, akauliza kila kimoja kina maudhi gani. Kilichomkaa ni kijiti, kinachopachikwa chini ya ngozi ya mkono na kukaa miaka, na ukitaka kukitoa kinatolewa. Hakimdhuru mtoto anayenyonya.

"Ila damu inaweza kuvurugika," Anastazia akamwambia. "Mara matone, mara isionekane kabisa."

"Na sala zangu je? Na funga?"

"Hilo usiniulize mimi Mkristo, nitakupoteza," nesi akacheka. "Kaulize kwenu, kisha urudi."

Watu wangapi wangeishia hapo! Saleha alimpigia simu mwalimu wake wa madrasa, akafundishwa namna ya kuitofautisha damu ya hedhi na ile ya istihadha isiyomzuia mtu kusali. Moyo ukatulia. Jioni akamweleza mumewe, Idarusi, fundi baiskeli wa Ngamiani, aliyekuwa ananawa grisi mikononi.

Idarusi alijifuta mikono kwa kitambaa. "Mimi sina neno," alisema. "Mwili ni wako, na kunyonyesha unanyonyesha wewe. Lakini Mama asijue."

"Atajua. Nitamwambia mwenyewe."

"Saleha, unamjua Mama!"

"Namjua, ndiyo maana. Sitaki nyumba ninayolelea wanangu niwe naficha mkono kama mwizi."

Alhamisi akarudi kwa Anastazia. Wakampima kwanza kuhakikisha hana mimba, wakamtia ganzi, kijiti kikaingia. Alitoka na bendeji mkononi, akaenda moja kwa moja uani, alikokuwa Bi Buthaina anachambua mchele.

"Shikamoo, Mama. Kigombe siendi. Nimeweka kijiti cha kuzuia mimba, Idarusi anajua, na Rama ataendelea kunyonya."

Ungo nusura umponyoke Bi Buthaina. "Umeweka dawa mwilini na mtoto ananyonya? Unataka kumuua?"

"Haimdhuru, Mama. Nimeuliza mpaka nimeridhika."

"Umemuuliza nani? Hao manesi wanajua nini? Wao wamezika? Mimi nimezika!"

Miaka yote aliyokaa nyumba ile Saleha hakuwahi kusikia habari hiyo.

"Sabiri," Bi Buthaina akasema, na sauti yake ikashuka. "Kaka yake mumeo. Alikuwa ananyonya nikashika mimba, na mimba yenyewe ndiyo huyo Idarusi. Mama mkwe wangu akanambia maziwa yamekuwa sumu. Nikapaka shubiri chungu kwenye ziwa siku ileile ili aliache. Mwanangu akalia mpaka sauti ikamkauka, kisha akaanza kuharisha. Waliokuja kuzika walisema mbele yangu, kambemenda mwanawe. Nimemuua kwa maziwa yangu, Saleha. Wewe sitaki yakupate."

Kumbe mkoba ule ulifungwa kwa hofu. Saleha akasogea, akamshika mkono. Jibu lote alikuwa nalo, kama alivyolipata kwa Anastazia, na alijua kwamba nusu yake ingemponya mama huyu na nusu ingemmaliza.

"Maziwa yako hayakuwa na sumu, Mama," akasema. "Mimi niliuliza hilo kwa ajili ya Khadija, nikajibiwa. Maziwa ya mama hayageuki sumu. Yako hayakugeuka."

"Hayakugeuka?"

"Wallahi hayakugeuka."

Bi Buthaina alijifunika uso kwa kanga, akalia kilio alichokaa nacho tangu ujana wake. Rama naye akaamka ndani akaanza kudai chake. Bibi yake ndiye aliyeinuka, akamleta na kumlaza mapajani pa mama yake.

"Mnyonyeshe," akasema. "Mnyonyeshe ashibe."

Juu ya shubiri Saleha hakusema neno, na hajalisema mpaka leo.