Picha Niliyojichorea Bila Kovu

Mama mzee aliingia kibandani kwangu mchana kweupe, akanipita mimi niliyesimama mlangoni, akaenda kuisalimia picha yangu ukutani.

Na aliisalimia kwa jina la mtu aliyekufa.

Msinicheke. Hii ilinipata Nakuru, mwaka wa hamsini na saba, na hadi leo nikiikumbuka mwili unanisisimka.

Naitwa Ishak. Nilikuwa nachora mabango ya maduka, kibanda changu kikiwa Bondeni. Upande wa kushoto wa uso wangu ni kovu tupu la moto, kuanzia kwenye nyusi hadi kidevuni. Sikio la upande huo lilibaki kipande.

Mama Kadija, aliyenilea, alinichukua hospitalini nikiwa mchanga. Aliambiwa tu kwamba nyumba ya vibarua iliungua kwenye shamba la mzungu kule Molo, na wazazi wangu, Wakipsigis, wakafia humo. Hata jina la baba hakupewa.

Sasa mtu kama huyo naye akapenda.

Cheptoo alikuwa msichana Mkipsigis wa Keringet, yaya kwa wazungu pale mjini, mcheshi ajabu. Kovu langu halikumshtua hata kidogo. Aliyemtia wasiwasi ni nyanyake, Kogo Chepkosgei. Kwao kijana akileta posa huulizwa kwanza ukoo wake, kwa sababu watu wa ukoo mmoja hawaoani.

Mimi ukoo ningeutoa wapi?

Nikajiambia uzuri utajibu badala ya ukoo. Cheptoo atampelekea Kogo picha yangu, Kogo ataona kijana wa kupendeza, na hilo swali litamtoka akilini. Ndivyo nilivyofikiri, na nilijiona mjanja.

Nikaenda studio ya Mhindi nikapigwa picha. Ilipotoka, nusura niichane. Kovu lilikuwa linang'aa kuliko macho.

Basi nikaibandika picha ile ukutani, nikachukua ubao uliobaki kwenye kazi ya bucha, nikaanza kujichora mwenyewe.

Upande mzima niliunakili ulivyo. Upande wa moto nikaufananisha na ule mzima: nyusi nikaziotesha, sikio nikalirudisha, shavu nikalijaza. Halafu nikanogewa. Nikajipa ndevu kidogo na mabega mapana, nionekane mtu mzima wa kuoa.

Mama Kadija alichukia. Nyumbani kwetu sura ya mtu haikutundikwa.

"Mwanangu, siku ya kiama utaambiwa uitie roho," aliniambia. "Utaweza?"

Nilicheka. Lakini kicheko hakikukaa, maana kadiri nilivyojipamba ndivyo nilivyopotea. Kwenye ubao kulikuwa na mwanamume nisiyemjua, naye alinitazama kama ananijua vizuri. Nikawa naogopa kumpa mgongo nikifanya kazi. Jirani yangu Mburu, fundi wa viatu, aliniuliza yule mgeni wangu ni nani.

Nikamtundika ukutani, nikamfunika kwa gunia. Ningemchoma, ila nilimtaka Cheptoo.

Kabla picha haijapelekwa, Kogo akaja mwenyewe mjini. Nilipowaona na Cheptoo wakikaribia, nikalivuta gunia haraka, picha initangulie kuonekana.

"Kimaiyo," Kogo aliuambia ubao.

Kisha akaendelea kwa Kikipsigis, polepole, kwa sauti ya mtu anayempokea mwenye safari ndefu. Cheptoo alijishika mdomo. Nikamuuliza nyanyake anasema nini.

"Anamuuliza mbona amechelewa kurudi. Kimaiyo ni baba yangu, Ishak, mtoto wa Kogo. Alikufa na moto nikiwa mdogo. Hakuna mahali picha yake iko."

Nikamuuliza huo moto ulikuwa wapi.

Yaliyobaki yalitoka kidogokidogo. Kimaiyo alikuwa amemwacha mama yake Cheptoo kule Keringet, akaenda Molo kufanya kibarua na mke wa pili, ambaye alikuwa amejifungua mvulana. Habari iliyofika nyumbani ilisema hakuna aliyepona. Mama Kadija akaitwa, akataja shamba aliloambiwa hospitalini. Kogo alilijua.

Ndipo akanitazama mimi kwa mara ya kwanza. Akaliziba kovu langu kwa kiganja, akaangalia nusu iliyobaki, akalia.

Cheptoo yeye hakulia. Alikaa juu ya mkebe wa rangi hadi nyanyake aliposema waende. Mlangoni akanigeukia.

"Ungejichora tu vile uko, tungeoana," alisema.

Picha ilienda Keringet, ikatundikwa sebuleni kwa Kogo. Nami nikapata ukoo, shangazi, shamba la kulima na kaburi la kupalilia. Posa ya Cheptoo ilipokuja, nilikaa kwenye kiti cha kaka na nikala na wageni. Nilikula vizuri, bila kumtazama Cheptoo usoni.

Watu huniambia nimshukuru Mungu, picha ilituokoa na mwiko. Namshukuru, kweli. Lakini kuna siku namlaani yule mwanamume wa ubaoni, halafu nakumbuka ni baba yangu.

Nyinyi vijana mnaojilainisha nyuso kwa simu, endeleeni, siwakatazi. Jueni tu kwamba sura si ya mtu mmoja. Ukiifuta alama yako ili upendwe zaidi, kuna mtu anaweza kutokea hapo chini, naye hajaja kwa ajili ya harusi yako.