Bata Mzinga Walipoitikia

Kila theluji inapoyeyuka na majani ya mwaka jana yakaanza kutoa ile harufu ya unyevu na kuoza, moyo wangu hunirudisha kwenye vilima vya kando ya mto Mississippi, na kwa mama yangu aliyeketi juu ya gogo, leso mabegani. Nawasimulia ninyi, maana wadogo zangu walizaliwa baadaye, na kwao kisa hiki ni kichekesho tu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Tuliishi Frogtown, mjini Saint Paul, katika nyumba ya kupanga yenye kuta nyembamba hata jirani tukamjua kwa kikohozi chake. Siku moja simu ikalia kutoka Bungoma: nyanya, aliyemzaa mama, amefariki. Makaratasi yetu yalikuwa hayajakamilika, na mama angeondoka Amerika asingeruhusiwa kurudi. Nyanya akazikwa bila bintiye.

Kwetu mwanamke akifiwa hupiga nduru. Mama hakutoa hata chozi. Baba alipomsihi alie, alimjibu, "Nilie hapa, Baba Nekesa? Si hawa majirani wataita polisi?" Akaendelea kukunja nguo. Hali, hasemi, pete inamtoka kidoleni kwa kukonda. Nilikuwa mtoto wa miaka minane, na niliogopa kwamba naye atatufia.

Baba alikuwa akitunza wazee kazini pamoja na Mmarekani mmoja, Dale, mtu mnene, mpole, aliyependa uwindaji kuliko usingizi. Kila mwaka, kabla msimu haujafunguliwa, Dale alikwenda vilimani kuchunguza bata mzinga wa mwituni wanalala miti ipi. Bunduki huachwa nyumbani. Kazi ni kutazama na kusikiliza. Akatualika. Baba hakuwa na haja na bata, ila hakutaka mama abaki peke yake na zile kuta.

Tulifika alfajiri. Kwa tochi Dale alituonyesha nyayo za vidole vitatu kwenye tope, unyoya unaong'aa kama shaba, na majani yaliyoparurwa huku na huku, utadhani uwanja uliofagiwa na mtoto mvivu. Kisha akatuashiria tunyamaze. Akaweka viganja mdomoni, akalia kama bundi.

Maskini Dale! Ndivyo wawindaji wa huko wanavyofanya: bata dume akishtuliwa na sauti hupayuka palepale mtini, akajulikana alipo. Angejuaje kwamba kwetu bundi akilia, watu huulizana ni nani amekufa?

"Wacha, Dale, wacha!" baba alimshika mkono. "Huyo ndege kwetu ni wa kifo!"

Mama alikuwa ameshasimama. Akaweka mikono kichwani, akapiga nduru.

"Uwiii! Mama yangu! Umeniachia nani, mama?"

Sauti ilishuka bondeni, ikagonga majabali. Kabla haijaisha, bata mzinga mmoja akaitikia kutoka ng'ambo, mwingine akadakia, mara kilima kizima kikawa kelele. Mama akalia tena, nao wakaitikia tena. Mimi nilicheka kwa woga. Dale alivua kofia, asijue amekosa nini. Baba alikuwa akilia waziwazi, na sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Kulipopambazuka mama aliketi juu ya gogo, akaomba chai. Alikunywa, akala mkate, akaniuliza kama miguu yangu ina baridi. Nilifurahi mno kuulizwa.

Kwa miaka mingi niliamini mama alikuwa amekosa mahali pa kulilia. Kisha, nikiwa mtu mzima, nilikwenda Bungoma kwenye msiba wa shangazi. Alfajiri mwanamke mmoja akapiga nduru. Kabla hajamaliza, boma la pili likaitikia, na la tatu, milango ikafunguka, watu wakaanza kuja gizani. Nikasimama uani nikilia, maana ndipo nilipoelewa. Mahali pa kulilia mama angepata hata bafuni, maji yakimwagika. Aliyekosekana ni wa kumwitikia.