Usukani wa Mjomba Ulikuwa Kushoto

Nikisema nilimchukia mjomba wangu, watu wa kwetu watasema sina adabu, kwa maana kwa sisi Wadigo mjomba ni zaidi ya baba. Basi nitasema nilimwonea kinyaa. Aliishi Ujerumani miaka mingi, akarudi Diani na gari la huko, lenye namba za huko na kibali cha muda, na usukani wake uko kushoto. Huku kwetu magari hupita kushoto mwa barabara na dereva hukaa kulia. Aliyekaa kushoto, akiwa nyuma ya lori, haoni kitu ila makalio ya lori. Ili apite, sharti awe na mtu kiti cha kulia wa kumwambia kama njia iko wazi. Likizo ile ya Agosti, mtu huyo nilikuwa mimi.

Sikuombwa. Alimpigia simu mama, mama akaniambia, "Mjomba wako akutaka ukamsindikize," ikawa imekwisha. Mimi ni mwalimu wa chekechea Msambweni. Gari sijui kuendesha, wala sijawahi kutamani kujua. Kila asubuhi alikuja kupiga honi mlangoni, nikampa shikamoo yake, tukaenda kuzunguka: Ukunda kutafuta saruji, Tiwi kumwona fundi, Kwale juu kwenye ofisi za ardhi. Kila tulipofika nyuma ya gari la mwendo wa pole aliniuliza, "Vipi?" nami nikajibu "pita" au "ngoja." Nikisema ngoja, alisonya. Nikisema pita na tukapita salama, huo ulikuwa ustadi wake. Tukikoswakoswa, kosa lilikuwa langu.

Hayo ningeyavumilia. Lililonishinda ni tambuu aliyotafuna mchana kutwa. Siku za kwanza alitemea dirishani, na kwa kuwa dirisha lake lilikuwa upande wa waendao kwa miguu, siku moja pale Kombani alimtemea mzee aliyetoka msikitini, kwenye kanzu nyeupe, naye wala hakupunguza mwendo. Nikamwambia kwa adabu zote, "Mjomba, si vyema." Akacheka. Kesho yake alikuja na chupa ya soda ya plastiki, akaiweka kati yetu karibu na gia, akawa anatemea mle. Haikuwa na kifuniko. Tukipanda tuta, ule uwekundu ulipanda hadi shingoni mwa chupa, na ukirudi chini uliacha vipande vya popoo vimeganda ubavuni. Ikijaa, kazi ya kwenda kuimwaga ilikuwa yangu. Nikajizoesha kugeuza uso kila nilipomsikia akikusanya mate.

Siku yenyewe tulikuwa tumeipita Gazi, twarudi Msambweni, na mbele yetu lori la miwa lilikuwa likienda mwendo wa bibi harusi. Mjomba akauliza vipi, nikasema ngoja. Akauliza tena, nikasema ngoja. Mara ya tatu aliuliza huku ameshainua chupa na koo limeshaanza kazi. Nikageuzia uso dirishani, kwenye minazi, nikasema, "Pita." Nilitaka tu amalize.

Nilisikia honi kabla sijaona kitu. Nilipotazama mbele, pikipiki ilikuwa imeshatoka kwenye lami, mwenyewe akaenda upande wake na kreti ya mikate ikaenda upande wake. Hatukumgusa. Alitukwepa sisi akaangukia mtaroni, na mguu wake ukakunjika mahali ambapo mguu haukunjiki.

Mjomba alisimamisha gari kando ya barabara, akateremka haraka, akafunga mlango wake. Mimi nilibaki kitini. Watu walipofika walikuja mlango wa kulia, na kwa nini waende kwingine? "Teremka, mama," mmoja wao akaniambia. "Ndiyo nini kupita vile?" Mwingine akasema gari kubwa kama lile si la kumpa mwanamke. Nikamtazama mjomba. Alikuwa amesimama miongoni mwao, mikono nyuma, kama mtu aliyefika kwenye mazishi ya jirani.

"Nilimwambia angoje," akasema. "Watoto wa siku hizi hawasikii."

Mpwa hamvui mjomba wake nguo mbele za watu, hivyo ndivyo nilivyolelewa. Majeruhi akapakiwa kwenye gari lililokuwa likipita, apelekwe hospitali ya Msambweni. Waliobaki walikuwa wakiokota mikate, wala si kwa nia ya kumrudishia. Hakuna aliyetutazama mjomba aliporudi kwenye usukani wake.

"Kibali kimekwisha muda," akaniambia tulipoondoka. "Wangenichukulia gari. Wewe watakufanya nini? Na isitoshe, ni nani aliyesema pita?" Kisha akapapasa kutafuta chupa.

Kufikia alasiri, Msambweni nzima ilikuwa ikijua kwamba mwalimu wa chekechea amemvunja mtu mguu. Mzazi mmoja alikuja kumuuliza mama kama shule zikifunguliwa bado nitafundisha. Jina zuri ndilo kitu pekee nilichokuwa nacho katika mji ule, na mjomba alikuwa amelitumia kufutia gari lake. Nilimweleza mama ukweli wote wa usukani. Akasema, "Kaombe radhi, yaishe. Mjomba wako ni mjomba wako."

Siku ya pili baada ya ajali niliondoka nyumbani nimeshaamua kwamba radhi sitaomba. Nitasema kweli, mbele ya mgonjwa na jamaa zake, kwamba usukani wa gari lile uko kushoto na mimi sikuushika. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno, na kila nikiyarudia yalizidi kuwa matamu.

Wodini nilimkuta mgonjwa amelala, mguu uko ndani ya plasta, na mamake ameketi ukingoni mwa kitanda. Nilipotoa salamu na kujieleza mimi ni nani, yule mama alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, hiyo ni kudura ya Mwenyezi Mungu," akasema. "Kila mtu hupatwa. Nimekusamehe duniani na akhera."

Nikafungua kinywa nimsahihishe, lakini mwanawe akanitangulia. Hakuwa na hasira. Aliongea kama mtu anayetaka tu kufahamu.

"Dada, nilikupigia honi tangu mbali. Nilikuona umegeuza kichwa. Mbona hukutazama?"

Nilikuwa na jibu la usukani, na la kibali, na la mjomba aliyesimama mikono nyuma. Yeye hakuniuliza ni nani aliyeendesha. Lile aliloniuliza nilikuwa nalijua mwenyewe tangu kule barabarani, na kwa siku mbili nzima nilikuwa nikimchukia mjomba kwa bidii ili nisilifikirie. Ningemwambia nini, kwamba mguu wake umevunjika kwa sababu mimi nilikuwa nikiona kinyaa?

"Ni kweli," nikasema. "Sikutazama."

Mamake akaniachia mkono.