Karatasi Iliyokosa Jina la Halima

Mwanangu, siku niliyokemewa na babu yangu naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka kuoga, nimevaa leso mpya, nimeketi barazani kwetu hapa Tarasaa nikijiona mtu mbele ya watu. Nitakwambia kilichonifanya nijione hivyo, kisha nitakwambia nilivyoshushwa.

Juzi ulinionyesha kwenye simu yako ndege uliyempiga picha, na chini yake umeandika kwamba umemgundua wewe. Nilifurahi, usidhani sikufurahi. Nani hapendi kuona mjukuu wake akisifiwa na watu asiowajua? Lakini najua ni yule mvuvi wa Chara aliyekupeleka kwa mtumbwi mpaka kwenye kiota. Nimenyamaza siku tatu, na kunyamaza si kazi yangu, unanijua.

Ujana wangu nilifanya kazi na Daktari. Si daktari wa sindano. Alikuwa mtaalamu wa mimea, mama mmoja aliyetumwa kutoka Nairobi kukusanya mimea ya delta ya mto wetu, akapanga nyumba Garsen. Alinichukua kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuogopa matope. Tulikuwa tukichuma mmea, tunaulaza kati ya magazeti, tunaubana kwa mbao mbili na mikanda, tunaukausha juu ya makaa, na kila siku tunabadilisha magazeti usije ukaota ukungu. Ukikauka unashonwa kwenye karatasi ngumu na pembeni inabandikwa lebo: jina la mmea, mahali ulipotoka, tarehe, na jina la aliyeukusanya. Bila lebo, Daktari alisema, hayo ni majani ya kulisha mbuzi.

Tukingoja magazeti yakauke, alinisimulia habari za Waingereza wa karne ya kumi na tisa waliofanya kazi hiyohiyo kabla yetu, zama za yule malkia wao aliyetawala mpaka akazeekea kwenye kiti. Kulikuwa na wachungaji wa kanisa, kulikuwa na madaktari wa meli, na kulikuwa na watoto wa maskini waliouza ngozi za ndege na vipepeo waliokaushwa ili wapate nauli ya kwenda mbele zaidi. Walipanda mito kama huu wetu na masanduku ya karatasi, chupa za pombe kali za kuhifadhia mijusi, na sumu ya kupaka ngozi za ndege zisiliwe na wadudu. Homa iliwalaza. Mvua iliwaozeshea kazi ya miezi, wakaanza upya. Wapo waliomzika mwenzao ukingoni mwa mto, na kesho yake wakafungua daftari. Mimi niliwaheshimu watu wale na bado nawaheshimu. Mtu anayekaa siku nzima juani akimtazama mdudu mmoja ili aandike ukweli wa miguu yake, huyo si mvivu wala si mjinga.

Lakini nyumbani kwetu kulikuwa na kidonda. Baba yake babu, Mzee Buya, alimpandisha mmoja wa Waingereza hao kwa mtumbwi kutoka Kipini, akisukuma kwa pondo siku nyingi. Alimwonyesha ndege wa msituni ambaye Mzungu yule hakuwahi kumwona. Alimwiga sauti mpaka ndege mwenyewe akatoka kuja kutazama nani anamwita. Ndege huyo akaingia vitabuni kwa jina la Mzungu. Daktari alikitafuta kitabu, akamsomea babu ukurasa wenyewe. Buya hakuwemo. Palitajwa tu mwenyeji mmoja. Babu alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama nyuma ya karatasi hakuna kitu. Swali lile lilinichoma. Miezi kadhaa nikawa nalisimulia kwa kila aliyenipa sikio, nawalaumu Waingereza mpaka mate yananikauka.

Sasa sikiliza nilichofanya mimi.

Mvua za kwanza zilipoanza, Daktari alikuwa ameugua malaria, nami nikatoka peke yangu kwenda mbugani nyuma ya Garsen, upande wa malisho ya Waorma. Nilizunguka tangu asubuhi bila kupata kipya. Mwanamke mmoja wa Kiorma aliyekuwa akichunga ndama aliniita, akanipa maziwa, akaniuliza nimepoteza nini chini. Nilipomweleza alicheka, kisha akaniongoza mwendo wa nusu saa mpaka kwenye bonde dogo. Palikuwa na mmea mfupi wa kiazi, una ua jeupe lenye koo jekundu. Mimi ni mtoto wa mto huu na sikuwa nimeuona maisha yangu yote.

"Ndama nakula hii, tumbo nafura," aliniambia. "Natoka mvua ya kwanza, siku saba, naisha. Mama yangu ndio alionyesha mimi."

Nilichimba kiazi kimoja, nikashukuru, nikaondoka mbio. Daktari alipouona aliinuka kitandani na homa yake. Alipekua vitabu vyake vyote, hakuupata. Akaniambia kwamba huenda hakuna mtaalamu aliyewahi kuuandika, na kwamba lebo niiandike kwa mkono wangu mwenyewe. Ah, mwanangu. Kwenye nafasi ya aliyekusanya niliandika jina langu, nikaongeza la baba, la babu, na la Mzee Buya, ili ukoo wote uingie. Kwenye maelezo nikaandika kwamba kiazi kinadhuru ndama, kama wasemavyo wafugaji.

Kwa nini sikuandika jina la yule mama? Nitasema bila kujipamba. Sisi ni wakulima wa mto na wao ni watu wa ng'ombe. Kiangazi ng'ombe wao wakishuka kunywa maji wanapita kwenye mahindi na migomba yetu, na mwaka ule tulikuwa tumegombana vibaya. Wala sikukaa nikaamua kumwacha nje. Halikunijia hata kidogo akilini kwamba jina la mchunga ndama wa Kiorma lina mahali pake kwenye kitu changu cha heshima. Naona aibu mpaka leo kukwambia.

Mmea ulipokauka ulifungwa kwenye kifurushi cha kwenda Nairobi, kiondoke na basi kesho yake asubuhi. Mimi nikaja nyumbani kumsomea babu nakala ya lebo, nikingoja anibariki. Nilipofika kwenye jina la baba yake nilimtazama usoni. Hakutabasamu.

"Wafugaji gani hao?" aliuliza.

Nikamweleza habari ya yule mama, nikamweleza hata maziwa.

"Anaitwa nani?"

Sikuwa nimemuuliza.

Babu hakupaza sauti. Alizungumza Kipokomo, lugha yetu, polepole, kama anayemweleza mtoto. "Umekunywa maziwa yake, umechukua mmea aliofundishwa na mama yake, na jina lake hulijui. Basi yule Mzungu alimkosea nini baba yangu?" Kisha akaongeza, "Na jina la baba yangu litoe humo. Yeye hakuuona mmea huo."

Nilivua leso mpya nikavaa ya shamba. Nilipata lori la mchanga mpaka Garsen, nikaingia mbugani kwa miguu. Nilipofika pale nilipopewa maziwa, hapakuwa na mtu. Mvua ikinyesha watu wa ng'ombe huhamia kwenye nyasi mpya, na mimi nilikuwa na mchana mmoja tu. Nilifuata kinyesi kibichi cha ng'ombe, nikauliza kila mchungaji niliyekutana naye, na kila mmoja aliniuliza yeye kwanza namtakia nini mama wa watu. Alasiri nikawafikia. Yule mama alikuwa anakamua.

Nilipomwuliza jina, alikunja uso, na wanaume wawili wakasogea. "Jina ya nini?" alisema. "Ng'ombe imeingia shamba yenu?"

Hapo ndipo nilipojua sisi tunaonekanaje kwao. Sisi huuliza majina yao tukiwa tunakwenda kushtaki. Nikapiga magoti kwenye matope, nikamweleza yote, hata habari ya Buya na Mzungu, hata maneno ya babu. Nikamwambia nimemkosea.

Alimaliza kukamua kwanza. Kisha akasema, "Halima Barisa." Nilipokuwa naandika, akaugusa mkono wangu. "Andika na mama. Amina Guyo. Yeye ndio najua hii kwanza."

Nilirudi Garsen jua halijazama. Daktari alikifungua kifurushi bila kunigombeza, akanipa lebo tupu. Niliandika kwamba mmea nimeukusanya mimi, kwamba nimeonyeshwa na Halima Barisa, na kwamba yeye alifundishwa na mama yake, Amina Guyo, wafugaji wa Garsen. Babu aliposomewa lebo hiyo aliomba nirudie mara ya pili.

Miaka mingi baadaye nilikwenda Nairobi, kwenye nyumba wanamohifadhi mimea mikavu. Karani aliivuta karatasi yetu kutoka kabatini. Kwenye rafu ya juu yake zilikuwepo karatasi za Waingereza wa zamani, mwandiko mzuri, wino umefifia, kila moja na jina la bwana mmoja tu. Yetu ina wanawake watatu. Nilisimama pale nikalia kwa fahari mpaka karani akadhani naumwa. Sijasoma chuo, mwanangu, lakini mtu yeyote duniani atakayetaka kuujua mmea ule lazima apitie kwetu, na akipita kwetu lazima ampitie Halima.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Fanya kazi kama wale Waingereza walivyofanya: vumilia jua, tazama sana, andika ulichokiona na mahali ulipokiona, usiongeze wala usipunguze. Lakini pale walipoandika mwenyeji mmoja, wewe andika jina. Kama hulijui, rudi ukaulize, hata kama ni mbali, hata kama ni mtu mliyegombana naye jana. Na uulize mapema, kabla hujanywa maziwa yake. Fahari yako haitapungua kwa kumtaja mwingine. Yangu ilianza siku niliyoandika lebo ile ya pili.

Ile picha yako ya ndege ni nzuri sana. Nenda Chara kesho.

Mungu akupe macho makali na miguu isiyochoka. Akulinde na homa na maji ya mto. Akufikishe umri wangu ukiwa na mengi ya kuonyesha. Na siku utakapomshika mgeni mkono kumpeleka kwenye kitu unachokijua wewe peke yako, Mungu amtie moyoni akuulize jina lako.