PC niliyoi-overclock ilikuwa inazima kila nikitoka chumbani

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Nipo Musoma, mtaa wa Nyasho. Hili sikuhadithiwa, limenikuta mimi mwenyewe. Sehemu kubwa inanichekesha hadi leo, ila kuna mahali haichekeshi. Mtapaona.

Kazi yangu ni ku-edit video. Harusi, ubarikio, misiba, matangazo ya maduka. Nina desktop niliyoiunga mwenyewe kifaa kimoja kimoja, na kwa kuwa processor kubwa sikuiweza, hii ndogo nikai-overclock. Kwa asiyejua, ni kuilazimisha ikimbie kuliko kasi iliyotoka nayo kiwandani. Inakubali, ila inachemka. Ndiyo maana niliiwekea cooler kubwa na fan mbili za juu za kutoa joto.

Ilinifanyiaga kazi vizuri tu.

Mzee wangu alipofariki, mama akahama Butiama akaja kukaa na mimi. Ilipokaribia misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, akaniambia, "Magesa, kila siku unatengeneza video za watu. Baba yako nitamsikia lini?"

Swali hilo lilinikaa.

Mzee hakupendaga kurekodiwa. Nilichokuwa nacho ni vipande nilivyomchukua kwa kumvizia. Anakama ng'ombe. Anamkemea mbwa. Anabishana na jirani kuhusu mvua. Nikavikusanya, nikasafisha sauti, nikapanga iwe filamu fupi ya kuonyesha nyumbani Butiama baada ya misa.

Hapo ndipo mashine ikaanza vituko.

Nikiwa nimekaa mbele yake, iko poa. Nikianzisha render, ile kazi ya mwisho ya kuunganisha video inayoipa processor mzigo mzito, nikatoka kwenda mjini, nikirudi naikuta imezima. Nikiangalia kumbukumbu za joto naona lilipanda mpaka ikajizima yenyewe.

Nikaanza troubleshooting kama msomi. Nikapaka upya thermal paste, ile dawa ya kupitisha joto kwenda kwenye cooler. Nikaingia BIOS, kwenye mipangilio ya ndani kabisa ya mashine, nikapunguza voltage. Nikapima RAM, nzima.

Nikafungua kava la pembeni, na humo nikakuta kitu ambacho watu wa kando ya ziwa mnakijua. Vile vidudu vidogo vinavyoinuka majini kama moshi na kuingia hadi kwenye chai. Vilikuwa vimejaa kwenye cooler, vimekauka. Nikavipuliza vyote, nikatoka nje nimevimba kichwa, nikamwambia mama, "Mchawi nimemkamata. Ni hawa wadudu, wanaingilia kwenye matundu ya juu."

Mama akasema, "Kumbe."

Hiyo kumbe ikumbukeni.

Kuanzia kesho yake hali ikawa mbaya zaidi. Sasa inazima hata render haijafika nusu.

Nikaibeba hadi Bunda kwa rafiki yangu Shabani, ana duka la kompyuta. Tukaiwekea programu ya kuitesa processor, tukaiacha kutwa, tukaenda kula sato. Tumerudi inanguruma tu, haina habari. Najua mtauliza kwa nini sikumalizia kazi hukohuko. Disk yenye video za mzee niliiacha nyumbani, sikutaka kuitembeza barabarani.

Shabani akaniangalia, akasema, "Kaka, mashine haina ugonjwa. Nyumbani kwako ndiko kuna ugonjwa."

Nikajua ni umeme. Nikanunua stabilizer, nikarudi Musoma nimejaa matumaini. Ikazima vilevile.

Hiyo ni Alhamisi, misa Jumamosi. Mama alikuwa ameshawaambia wote. Shangazi wa Murangi anakuja, ndugu wa Kibara wanakuja, kila mmoja ameahidiwa kumsikia mzee. Nasema kweli, niliogopa. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia mama kwamba imeshindikana, na kila nikiyapanga hayakai.

Nikaanzisha render ya mwisho mwisho, nikatoka. Kufika getini nikakumbuka simu nimeiacha. Nikarudi.

Namkuta mama chumbani. Ameshaifunika PC kwa kitambaa chake cha kufuma, cheupe chenye ukingo wa bluu, na sasa anaongeza khanga juu yake, anaichomeka pembeni taratibu, kama anayemfunika mtoto.

Kwetu kila kitu kinafunikwagwa. TV, redio, makochi, hata ndoo ya maji ya kunywa. Mimi nimekulia humo. Na hapo ndipo niliposhtuka, wakuu, maana kitambaa kile nilikuwa nakitoa mwenyewe. Kila nikirudi naikuta imefunikwa, natoa, nakunja, naweka kitandani, halafu nakaa kutafuta kwa nini inachemka. Mkono ulikuwa unaona, macho hayaoni.

Nikafoka. "Mama, kumbe wewe ndiye unayeiua hii mashine."

Hakubisha. Akaanza kutoa khanga.

"Ulisema wadudu wanaingilia juu," akasema. "Na baba yako si yumo humo? Nimwache wamjae?"

Nikamwomba radhi, akanijibu nisimcheleweshe.

Akavuta kigoda, akakaa kando ya PC na khanga mkononi, akawa anapunga wadudu. Mimi nikakaa upande wa pili naangalia joto. Jioni render ikafika mwisho.

Nilichojifunza ni hiki. Kabla hujaingia BIOS, muulize unayeishi naye anafanya nini ukishatoka. Na muulize kwa upole, huenda anachokifanya anakifanya kwa upendo na wewe ndiye uliyempa sababu.

Sasa nyie wa kando ya ziwa, hivi vidudu mnavizuiaje bila kuziba hewa? Wavu wa dirishani nimejaribu, joto linapanda. Na nani mwingine kwao wanafunika mpaka friji? Semeni, nisijione peke yangu.

NYONGEZA: Mnaouliza misa iliendaje.

Ilienda salama. Tulionyeshea uani kwa TV ya jirani. Mzee alipomkemea mbwa watu walicheka mpaka shangazi akakaa chini. Mama hakucheka. Alikuwa amesogea karibu kabisa na kioo, anamsikiliza.

Ilipoisha akafungua mkoba wake, akatoa kile kitambaa cheupe. Kabla ya kukitandaza juu ya TV akanigeukia.

"Umeshaizima?"

Nikamwambia, "Nimeshaizima, mama."

Ndipo akaifunika.